Sajini Veliko na Kiti cha Mlangoni

Nakuru,
9 Februari 2025

Kwa ndugu yangu Dalmas,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Je, hujambo huko Olenguruone? Mwili unaendeleaje, na lile goti lako na baridi ya huko wanapatana? Sisi tuko salama kwa neema, isipokuwa vumbi ambalo limekataa kuisha, na mgongo wa shemeji yako Wanyonyi ambao siku hizi unatangaza mvua kabla ya redio. Nimekuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema "tuko sawa", halafu kunakuwa kimya mpaka nadhani umeweka simu juu ya mkebe wa maziwa ukaenda zako. Barua huwa unajibu. Karanja wa lori la viazi amekubali kukuletea hapo kwenye kituo cha maziwa unapolinda.

Sasa habari yenyewe. Mercyline amepata mtu. Anaitwa Jeff, kwao ni Elburgon, baba yake ni mtu wa mbao. Kijana ana adabu, anasali, na alipokuja hapa aliosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo Wanyonyi alinikataza kulisifu kwa sauti. Wazee wao wanataka kuja mwezi wa Agosti tuzungumze mambo ya mahari. Wewe unajua kwetu: mjomba asipoketi, hakuna neno linafunguliwa. Na Mercyline ana mjomba mmoja tu, ni wewe. Najua tangu utoke jeshini hujakaa kwa mkusanyiko wowote wa nyumbani. Hata kwa matanga ya mama ulisimama kule kwa ua, ukaondoka bila kula. Sikulaumu, ndugu yangu. Nauliza tu kama utakuja.

Halafu kuna jambo lingine dogo. Shantel, kitinda mimba wetu, ameniingiza katika katuni. Inaonyeshwa Jumamosi jioni, inaitwa Safina Tisa. Nilimruhusu kwa sababu nilidhani ni habari ya Nuhu. Nikakaa nimngoje Nuhu, kumbe ni meli ya kuruka katikati ya nyota, hakuna hata twiga mmoja. Lakini nilikuwa nimeshakaa na chai yangu. Kuna askari humo, Sajini Veliko, kazi yake ni kulinda mlango wa mwisho wa meli. Havui kofia ya chuma. Wengine wakila mezani, yeye huchukua sahani yake akaenda kula mlangoni amesimama. Shantel anasema yule ndiye mkali kuliko wote. Mimi naona ni mtu mwenye huzuni. Kama kuna televisheni huko, mtazame uniambie, kwa sababu wewe unajua askari kuliko sisi.

Nijibu kuhusu Agosti.

Dada yako,
Truphosa

*

Olenguruone,
6 Machi 2025

Truphosa,

Salamu. Goti ni lile lile. Ng'ombe wa watu wanatoa maziwa vizuri, kwa hivyo kazi iko. Pole kwa mgongo wa Wanyonyi.

Hiyo katuni ninaijua. Chepkurui ana hoteli karibu na kituo chetu, na televisheni yake ndiyo kubwa hapa senta. Jumamosi watoto wote wa soko hujaa pale, na mimi hukaa karibu na mlango kwa sababu Chepkurui aliniomba nizuie vita. Kuna vita kweli. Nusu wanasema Veliko ni mkali, nusu wanasema anajifanya.

Wewe unasema ana huzuni. Hapana. Angalia anavyosimama: mgongo kwa ukuta, jicho kwa mlango. Huyo mtu yuko kazini. Watoto wanamcheka kwamba hakai mezani, lakini wote waliokaa mezani wanakula kwa raha kwa sababu kuna mtu hajakaa. Aliyeandika ile hadithi amewahi kuuliza askari, au amewahi kuwa askari. Kitu kimoja tu amekosea. Bunduki yake huiweka upande wa kushoto na yeye si mtu wa kushoto. Niliwaambia watoto, wakaniita Mzee wa Makosa. Sasa ndilo jina langu hapa.

Msalimie Shantel. Mwambie mkali hapigi kelele, na Veliko hapigi kelele, kwa hivyo yuko sawa.

Dalmas

*

Nakuru,
23 Machi 2025

Ndugu yangu mpendwa,

U hali gani? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Wanyonyi amepata dawa ya kujipaka yenye harufu ya kufukuza wageni. Mercyline na Jeff wanaendelea vizuri, na wewe uliruka habari yao kama mtu anavyoruka matope. Niliona. Sijasema kitu.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Shantel ameikata ile sehemu ya "mkali hapigi kelele" akaibandika kwa ukuta. Halafu yeye na Mercyline wakagombana, kwa sababu Mercyline anasema Veliko anampenda yule mpishi wa meli na ndiyo maana siku hizi amelainika. Shantel hataki kusikia habari ya mapenzi. Anasema msimu wa kwanza alikuwa chuma na sasa wanamharibu.

Sasa nikuambie lililonipata, lakini ucheke kwa upole. Uliona kile kipindi ambacho meli iliharibika kwenye mwezi wa barafu, wakamwacha Veliko nje alinde wakati wengine wanatengeneza? Theluji ikampanda mpaka magoti. Mpishi akampelekea uji, akafika umeganda. Nililala na hiyo picha. Jumatano tukaenda ushirika wa kina mama, na mwenyekiti wetu Wariara akauliza nani ana ombi. Dalmas, sijui ni nini kilinisimamisha. Nikasema, "Kuna askari mmoja, yuko mbali, yuko peke yake, na kuna baridi sana. Naomba tumkumbuke."

Waliomba. Waliomba kwa machozi. Wengine walipiga magoti kwenye ile simiti. Na mimi hapo katikati, najua kabisa wanamwombea mtu wa kuchorwa. Nilitaka kusema, lakini unaanzaje? Mama mmoja alikuwa ameshafika kwa Danieli katika tundu la simba.

Nikadhani yameisha. Jumatano iliyofuata Wariara akaja na sufu ya kijani nzito. Kina mama wamekubaliana kumfumia yule askari sweta na kofia, kila mmoja afume kipande. Akatoa utepe akaniuliza kifua chake ni kipana kiasi gani. Sasa mtu wa katuni utampima wapi? Nikampa kipimo chako.

Naomba Mungu anisamehe na wewe usinitangaze.

Nangoja neno lako, la Veliko na lile lingine.

Truphosa

*

Nakuru,
27 Aprili 2025

Dalmas,

Hujambo? Haraka tu, Karanja ananguruma nje na lori. Hiyo ndani ya mfuko ni ile sweta. Mkono mmoja umezidi mwingine kidogo kwa sababu ulifumwa na watu wawili ambao hawasemezani. Sikuwa na mahali pengine pa kuipeleka. Pasaka tulikukumbuka. Vaa.

Truphosa

*

Olenguruone,
19 Mei 2025

Truphosa,

Salamu kwenu nyote. Nimekawia kwa sababu ya mvua. Barabara ya huku ilikatika na Karanja alikaa na viazi vyake kwa matope mpaka vikaanza kuota. Hata ningeandika, nani angebeba.

Nilisoma habari ya maombi nikiwa zamu. Nilicheka mpaka mbwa wa kituo akaamka akaja kuniangalia. Ananijua miaka mingi na hajawahi kusikia hiyo sauti.

Mwambie Wariara sweta ya sajini imemtosha koplo. Ule mkono mrefu unanifunika vidole, huo ndio ninaoshikia tochi. Chepkurui ameniuliza ni nani amenifumia, nikasema ni kanisa zima. Hakuniamini.

Sasa habari ya Veliko, na hapa nimekasirika. Umeona kipindi cha juzi. Yule mtoto wa nahodha anamshika mkono, anamwambia njoo ule na sisi, na jamaa anavua kofia, anakuja anaketi, wote wanapiga makofi, muziki. Kwa Chepkurui watoto walishangilia. Mimi nilitoka nje.

Si kwamba nakataa abadilike. Mtu hubadilika. Lakini misimu miwili mtu anakula mlangoni, halafu mtoto anamshika mkono mara moja na yameisha? Na mlango umebaki na nani? Hakuna aliyeuliza. Wewe utasema ameokoka. Mimi nasema mwandishi alichoka. Kama ningekuwa ndiye mwandishi, nisingemleta mezani. Ningebeba meza nikaipeleka mlangoni.

Niliwaambia watoto hivyo, mmoja akasema, "Lakini Mzee wa Makosa, hiyo meza ni kubwa." Nikamwambia meli ina watu wengi.

Basi. Maziwa yamefika.

Dalmas

*

Nakuru,
8 Juni 2025

Ndugu yangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, umevaa sufu. Huku baridi ya Juni imeingia, tunalala na soksi. Wariara nilimpa ujumbe wako, ila neno sajini nililiruka. Akaniuliza kwa nini sasa ni koplo na wakati tulikuwa tunaomba hakuwa na cheo. Nikasema ni huyo huyo, Mungu anamjua. Sijadanganya hapo, ukifikiria vizuri. Nikilala nawaza ile siku nilisimama kuomba, na sina hakika tena nilikuwa nasema juu ya nani.

Kuhusu Veliko tumebishana hapa nyumba nzima. Mimi nilikuwa nimelia kwa furaha alipoketi. Baada ya barua yako nikatazama marudio, na ni kweli, kamera haikurudi mlangoni hata mara moja. Shantel ameamua wewe ndiye unajua. Wanyonyi, ambaye hajawahi kutazama hata dakika moja, anasema mwanaume akiitwa chakula aje ale, mambo mengine ni madoido.

Wazee wa Elburgon wametuma neno. Watakuja Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Wanyonyi anataka kumtafuta binamu yetu wa Kitale akae mahali pa mjomba. Mercyline amekataa. Amesema heri wageni wanywe chai warudi nayo tumboni kuliko kukaliwa na mjomba wa kuazima. Hakulia, alisema tu hivyo akaendelea kupepeta maharagwe, na ndipo nikajua amekata shauri.

Mimi nilikuuliza mara mbili. Ya tatu sitauliza, kwa sababu najua ukisukumwa unakuwa ukuta. Nitauliza lingine. Kwa nini hasa Veliko hawezi kukaa mezani? Wewe unajua, na mwandishi hakutuambia.

Dada yako akupendaye,
Truphosa

*

Olenguruone,
22 Julai 2025

Dada yangu Truphosa,

Nakusalimu. Niko mzima. Chai ya huku inachumwa vizuri, ukungu ni mwingi, na mbwa amezaa watoto watano ambao wamepewa majina ya watu wa Safina Tisa. Veliko ni jike, lakini watoto hawakuniuliza.

Umeniuliza kuhusu sajini. Nimeanza kukujibu na nikapasua, nikaanza tena.

Kule tulikotumwa tulikuwa tunakula kwa zamu. Wengine wanaketi, mmoja anasimama mlangoni, halafu wanabadilishana. Ni sheria ndogo ya kila siku, kama kufunga kamba za viatu. Siku moja ilikuwa sikukuu, kulikuwa na nyama, na mkubwa akasema leo tukae sote. Tulikaa sote.

Usiniulize zaidi ya hapo.

Kwa hivyo ukitaka kujua kuhusu Veliko, si huzuni na si ukali. Ni kwamba mahali ambapo watu anaowapenda wameketi wote wanacheka, hapo ndipo mwili wake unakataa kukaa. Na kadiri anavyowapenda ndivyo unavyokataa. Mwandishi angesema hivyo tu, watoto wangeelewa. Watoto huelewa.

Mercyline alipokuwa mdogo alikuwa anapepeta maharagwe vibaya, nusu chini. Natumaini amejifunza kabla aende kwa watu.

Nimesahau, mlango wenu wa sebuleni unatazama upande gani?

Dalmas

*

Nakuru,
27 Julai 2025

Dalmas,

Shikamoo kaka yangu, leo nimekuamkia kama zamani. Sote wazima.

Mlango unatazama barabara. Ukikaa kwenye kizingiti unaona geti lote na duka la ng'ambo, na ubavuni mwako ni ukuta wa mawe ambao Wanyonyi alijenga mwenyewe, kwa hivyo hautaanguka lakini umepinda. Hakuna mtu atakuomba hotuba. Hakuna mtu atakushika mkono.

Mengine nimeyasoma, nikayapeleka kwa Mungu peke yangu chumbani. Si kwa ushirika. Nimejifunza.

Truphosa

*

Nakuru,
17 Agosti 2025

Kwa ndugu yangu mpendwa Dalmas,

Nakusalimu tena kwa jina la Bwana. Ulifika salama? Goti lilisemaje baada ya safari? Karanja aliniambia alikushusha kituoni na ukaenda moja kwa moja kuangalia watoto wa mbwa. Sisi tumebaki na uchovu wa furaha na sufuria za watu ambazo hatujui ni za nani.

Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa unatazama barabara, kwa hivyo acha nikueleze yaliyotokea nyuma yako.

Ulipoingia na ile sweta ya kijani, mkono mmoja mrefu, Wariara alikuwa jikoni anakoroga mchuzi. Alikuona kwa dirisha, akaacha mwiko ndani ya sufuria. Mimi nilifunga macho. Ukaketi kwenye kiti chako cha mlangoni, akaja akasimama mbele yako, na nilimsikia akikuuliza kama baridi ya kule ulikokuwa ilikuwa kali. Nikasubiri aibu yangu ifike. Wewe ukamwambia, "Ilikuwa kali, mama. Sweta ilifika kwa wakati."

Alirudi jikoni analia na kucheka. Aliniambia maombi yamejibiwa na macho yake yameona. Dalmas, sikusahihisha kitu, kwa sababu nilikosa cha kusahihisha.

Halafu wazee wakaketi sebuleni, baba yake Jeff na wenzake wanne, upande huu Wanyonyi na watu wetu. Maombi, utambulisho, chai. Ikafika mahali pa kufungua neno. Baba yake Jeff akauliza mjomba yuko wapi. Wanyonyi akanyoosha kidole mlangoni. Wakakuona mgongo. Mzee mmoja wao akasema basi mjomba aitwe aje mezani, hatuwezi kuongea na mgongo wa mtu. Na nikaona Wanyonyi anajiandaa kuinuka aje akuite, na amevaa ule uso wa mwanaume-akiitwa-aje.

Nikamwambia, "Baba Mercyline, shika upande ule."

Akauliza upande gani. Nikamwambia upande ule wa meza. Akaniangalia kama nimepagawa. Lakini Shantel alikuwa ameshashika mguu mmoja, na Mercyline mwenyewe, na gauni lake la kitenge, akashika mwingine, na ukijua kwetu bibi harusi hatakiwi hata kuonekana wakati huo, utaelewa kwa nini wazee waliweka vikombe chini. Jeff akainuka. Akasema kwa adabu, "Wazee, tusaidieni, ina chai juu." Ndipo wale wazee wa Elburgon, watu wa mbao, ambao maisha yao yote ni kubeba vitu virefu kupitia mahali pembamba, wakainuka na kuanza kutoa amri. Inua kona. Pinda kidogo. Chunga kizingiti. Baba yake Jeff aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alijisikia yuko nyumbani.

Wewe uligeuka ukaona meza inakujia. Sitasahau uso wako.

Ukasogeza kiti chako kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita. Baba yake Jeff akaketi kwenye kizingiti na suti yake. Wengine kwenye ngazi, wengine kwenye nyasi, kina mama wakatoa mikeka. Na nilikuangalia wakati wa nyama. Kila ulipoinamia sahani, Wanyonyi, ambaye hakuna mtu alimwambia kitu, aliinua kichwa akatazama geti. Ukiinua wewe, anainamisha yeye. Mlikula hivyo mpaka mwisho. Nilimuuliza usiku nani alimfundisha. Akasema hakufundishwa, ila aliona unatazama mahali fulani, akaona ni vizuri mtu asitazame peke yake.

Ulifungua neno kwa maneno matatu, "Karibuni, mtoto yupo," na wazee walisema hawajawahi kusikia mjomba mwenye busara kama huyo, kwa sababu wengi huongea mpaka chakula kinapoa. Blanketi yako ya mjomba, ile waliyokuletea wazee wa Elburgon, uliisahau. Au uliiacha makusudi kwa ajili ya mgongo wa Wanyonyi. Ameshaanza kuilalia, kwa hivyo tuseme uliiacha.

Harusi ni Desemba. Sitauliza.

Shantel anasema msimu wa nne wa Safina Tisa unaanza Septemba, na kama hawatapeleka meza mlangoni ataacha kutazama. Nimemwambia tusiwahukumu, pengine hakuna mtu aliwaandikia. Mbwa Veliko ametengewa nani? Shantel anauliza, na mimi pia nauliza, ingawa Wanyonyi hataki mbwa.

Meza tumeirudisha ndani. Kiti chako kimebaki pale pale kwenye kizingiti. Jana Wanyonyi aliniuliza kama akirudishe mezani. Nikamwambia kiache, hapo ndipo mezani.

Nijibu mapema, Karanja anashuka Alhamisi.

Dada yako,
Truphosa